Chai, Uji na Maziwa katika Hesabu ya Maji ya Mkulima

Maelezo kwa wajumbe wa vyama vya msingi kabla ya msimu wa ununuzi



Kila msimu wa mavuno unapokaribia, kamati za vyama vya msingi hukutana kupanga mambo yaliyozoeleka: mizani ikaguliwe, magunia yapatikane, makarani waajiriwe, na fedha za malipo zifike kwa wakati. Jambo moja husahauliwa mara nyingi katika mipango hiyo, nalo ni kinywaji cha watu watakaoshinda kituoni. Mkulima hutoka nyumbani alfajiri na mzigo wake kichwani au juu ya baiskeli, hufika kituoni jua likiwa limekwisha panda, husimama katika foleni hadi alasiri, kisha hurejea nyumbani kwa miguu. Akiulizwa amekunywa nini tangu asubuhi, atajibu kwamba alikunywa chai kikombe kimoja na soda chupa moja. Akiulizwa kama amekunywa maji, atasema bado.

Je, mkulima huyo amekunywa maji au hakunywa? Wapo wanaoshikilia kwamba maji ni maji matupu tu, na kwamba kitu chochote kilichotiwa majani, buni, unga au sukari hakimo katika hesabu. Wengine huenda mbali zaidi wakasema chai na kahawa hukausha mwili. Kwa upande wa pili wapo wanaoamini kwamba kila kinachomiminika ni sawa, hata pombe. Kila upande umeshika kipande cha ukweli na kipande cha kosa. Kwa chama kinachotaka kulinda afya ya wanachama wake, yafaa vipande hivyo vitenganishwe.

MAPATO NA MATUMIZI YA MWILI

Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji; kwa mwanamume hukaribia asilimia 60. Maji hayo hayakai bila kubadilika. Kama lilivyo daftari la chama, mwili nao una upande wa mapato na upande wa matumizi.

Matumizi ni mkojo, jasho, choo, na mvuke utokao kwa pumzi. Hata mtu akishinda amelala kivulini, figo zake huhitaji kutoa walau nusu lita ya mkojo kwa siku ili kuondoa taka za mwili. Jasho halina kiwango kimoja. Mtu aketiye ofisini hutoka jasho kidogo, lakini mtu alimaye au abebaye magunia juani aweza kupoteza lita nzima kwa saa moja, na pengine zaidi.

Mapato nayo yana milango mitatu. Wa kwanza ni vinywaji vya kila namna. Wa pili ni chakula, kwa sababu chakula kilichopikwa kimejaa maji: wali uliopikwa na ugali una maji zaidi ya nusu ya uzito wake, chungwa hukaribia asilimia 87, na tikiti maji hupita asilimia 90. Mlango wa tatu ni maji ambayo mwili wenyewe huyatengeneza unapokitumia chakula, kiasi cha robo lita au zaidi kidogo kwa siku. Yote huingia katika hazina moja. Utumbo haukagui stakabadhi kuona maji yametoka katika mtungi, birika au sufuria ya uji. Haba na haba hujaza kibaba, na katika jambo hili kibaba hakibagui haba.

GLASI NANE ZILITOKA WAPI

Amri ya kunywa glasi nane za maji kila siku imeenea duniani kote, na wengi huidhani kuwa sheria ya madaktari. Chanzo kimoja kinachotajwa mara nyingi ni maelekezo ya Bodi ya Chakula na Lishe ya Marekani ya mwaka 1945. Bodi hiyo ilikadiria kwamba mtu mzima huhitaji kiasi cha lita mbili na nusu kwa siku, ikaongeza papo hapo kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo ndani ya vyakula. Walioyapokea maelekezo hayo walikumbuka kiasi, wakasahau maneno yaliyofuata. Mwaka 2002 Profesa Heinz Valtin wa Marekani, aliyekuwa mtaalamu wa figo, alitafuta ushahidi wa kitaalamu wa amri ya glasi nane kwa watu wenye afya, asiupate.

Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walitoa makadirio mapya: kiasi cha lita 3.7 kwa mwanamume na lita 2.7 kwa mwanamke kwa siku, vinywaji na chakula vikiwa pamoja, ambapo kama sehemu moja katika tano hutoka katika chakula. Mwaka 2010 mamlaka ya chakula ya Ulaya ilitaja lita 2.5 na lita 2. Tofauti ya hesabu hizo yaonyesha kwamba hakuna kipimo kimoja kiwafaacho watu wote. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022, uliopima maji yanayoingia na kutoka katika miili ya watu zaidi ya 5,000 wa nchi zaidi ya 20, ulithibitisha kwamba matumizi ya maji hupanda pamoja na joto, unyevu wa hewa na kazi ya mikono. Basi kipimo cha karani wa Ulaya wakati wa baridi hakiwezi kuwa kipimo cha mkata miwa wa Kilombero au mchuma pamba wa Shinyanga.

CHAI NA KAHAWA

Tuhuma kwamba chai na kahawa hukausha mwili ni nzito kwa ushirika, maana vyama vingi katika Kilimanjaro, Kagera, Mbeya na kwingineko vimesimama juu ya mazao hayo. Mkulima wa kahawa akiambiwa kinywaji anachokilima humwibia maji mwilini, ana haki ya kuuliza ushahidi.

Ushahidi wa zamani ulikuwa mwembamba. Mojawapo ya majaribio yaliyorudiwa sana kutajwa, la mwaka 1928, liliwahusu watu watatu tu. Ni kweli kwamba kafeini, kitu kilichomo ndani ya chai na kahawa, huweza kuzichochea figo zitoe mkojo zaidi. Lakini huhitaji kipimo kikubwa, zaidi ya kile kilichomo katika vikombe viwili au vitatu vya kahawa vinywewavyo kwa mara moja, na mtu aliyezoea kuinywa huathirika kidogo sana. Mwaka 2014 watafiti wa Birmingham, Uingereza, waliwachukua wanaume 50 waliozoea kahawa, wakawapa vikombe vinne kwa siku kwa muda wa siku tatu, kisha wakati mwingine wakawapa maji kwa kiasi kile kile. Vipimo vya damu na mkojo havikuonyesha tofauti ya maana katika hali ya maji mwilini.

Jaribio jingine la Uingereza, lililotolewa mwaka 2016, lilipima vinywaji 13 kwa wanaume 72. Kila kinywaji kilinywewa lita moja, na mkojo uliotoka ukapimwa saa chache zilizofuata. Chai na kahawa hazikupishana na maji kwa namna ya kuleta wasiwasi. Maziwa, pamoja na maji ya chumvi na sukari wapewayo wagonjwa wa kuhara, yalikaa mwilini muda mrefu kuliko maji matupu.

Kwa hiyo chai ni maji, na kahawa ni maji. Hata hivyo, yapasa kipimo kiangaliwe. Kikombe cha kahawa chungu kinachouzwa barazani katika miji ya pwani ni kidogo mno. Mtu aweza kunywa vitatu asifikishe kikombe kimoja cha chai. Hesabu hufuata ujazo wa kinywaji, wala si idadi ya vikombe.

Chai pia ina jambo lake jingine lisilohusu kiu. Ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili huyapata katika maharage na mboga za majani. Kwa mama mjamzito na kwa mtu mwenye upungufu wa damu, ni bora chai ingoje kama saa moja baada ya mlo. Mama mjamzito apaswa pia kutozidisha kahawa.

UJI, MAZIWA NA DAFU

Uji mwepesi ni maji kwa sehemu kubwa sana, na juu yake una nguvu ya unga. Mtu atokaye kwenda shamba baada ya vikombe viwili vya uji amekwisha weka akiba ya karibu nusu lita. Togwa nayo imo katika hesabu hiyo hiyo, ikiwa haikutiwa maji mabichi baada ya kupikwa.

Maziwa ya ng'ombe yana maji kiasi cha asilimia 87. Protini, mafuta na chumvi zake huyafanya yatoke tumboni polepole, na ndiyo sababu hukaa mwilini kwa muda. Wanachama wa vyama vya wafugaji wanajua thamani ya maziwa sokoni. Ni vema wajue pia thamani ya kikombe kimoja kinachobaki nyumbani. Ila maziwa yasiyochemshwa huweza kuleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu. Kuyachemsha si hiari.

Maziwa ya mama yana fundisho kubwa kuliko yote. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa, hata wakati wa joto, kwa sababu maziwa ya mama yanamtosheleza kwa chakula na kwa maji pia. Kumpa maji ni kumfungulia mlango wa kuhara. Kinachohitajika ni kwamba mama mwenyewe anywe vya kutosha, na kituo cha ununuzi kimpe nafasi ya kukaa kivulini anyonyeshe.

Dafu ni kinywaji safi kinachofungwa na mnazi wenyewe. Lina sukari kidogo na madini ya potasiamu kwa wingi, hivyo hufaa kwa mtu mwenye afya atokaye kazini. Mtu mwenye ugonjwa wa figo asilinywe bila kumwuliza daktari.

SODA NA POMBE

Soda ni maji, na katika jaribio la mwaka 2016 haikuonekana kuyafukuza maji mwilini. Lakini chupa ya mililita 300 huwa na sukari kiasi cha gramu 30 au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu za chakula cha siku, na ikipungua hadi nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, ni bora zaidi. Mtu akitaka kumaliza kiu ya siku nzima kwa soda atakuwa amekunywa sukari ya wiki. Wanywaji wa chai nao wasicheke: vikombe vinne vyenye vijiko vitatu vitatu vya sukari hufikisha sukari ya chupa moja na nusu ya soda.

Yako pia mambo ya figo. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador walieleza juu ya ugonjwa wa figo uliowapata wafanyakazi wasio na kisukari wala shinikizo la damu. Baadaye ugonjwa huo ulionekana umeenea katika mashamba ya miwa ya Amerika ya Kati, na umewaua vijana wengi. Wataalamu hawajakubaliana juu ya chanzo chake chote, lakini kazi nzito katika joto kali na ukosefu wa maji unaorudiwa siku baada ya siku vinashukiwa sana. Katika jaribio lililotolewa mwaka 2019, watu 12 wenye afya walifanya mazoezi kwenye joto. Walipokunywa soda badala ya maji, dalili za kuumia kwa figo ziliongezeka. Jaribio hilo ni dogo, lakini latosha kuonya kwamba soda isiwe kinywaji cha kazi.

Pombe iko mbali zaidi. Pombe hukizuia kichocheo cha mwili kinachoziambia figo zihifadhi maji. Bia nyepesi ikinywewa kidogo na mtu aliyepumzika huleta tofauti ndogo, lakini kadiri ukali unavyozidi ndivyo hasara inavyozidi, na gongo haina nafasi yoyote katika hesabu hii. Mbege na lubisi vina heshima yake katika sherehe na makubaliano ya ukoo. Katika zamu ya mizani na juani havina kazi.

USAFI WA MAJI NI SHARTI LA KWANZA

Katika miji yenye mabomba ya uhakika, ubishi juu ya chai huishia kwenye kafeini. Vijijini chai ina sifa kubwa kuliko hiyo: imechemshwa. Kikombe cha chai kilichotokana na maji ya mto yaliyochemka ni salama kuliko glasi ya maji matupu ya mto huo huo. Maji yakichemka hasa, yakatoa mapovu makubwa, vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hufa. Mtu anayedharau chai kwa kutaka "maji halisi", kisha akachota maji mabichi bondeni, amepata maji na ugonjwa pamoja.

Jambo la pili ni vyombo. Chupa na madebe yaliyokuwa na dawa za kunyunyizia mimea yasitumiwe kamwe kubebea maji, uji wala maziwa, hata yakioshwa mara kumi. Sumu hizo hazioshwi kwa majivu na mchanga. Kila chama kinachogawa dawa kwa mkopo kina wajibu wa kuhakikisha kwamba vyombo vitupu vinarudishwa, vinatobolewa na kuharibiwa kwa njia iliyoelekezwa, ili visionekane kisimani.

HESABU YA MKULIMA KITUONI

Sasa yule mkulima wa foleni aweza kufanyiwa hesabu. Chai yake ni robo lita, na soda yake ni mililita 300. Jumla ni mililita 550, na zote zahesabiwa. Upande wa matumizi, ikiwa alitoka jasho nusu lita tu kwa saa, kwa muda wa saa tatu za njia na jua, amepoteza lita moja na nusu. Ana upungufu wa karibu lita nzima kabla mkojo na pumzi havijatajwa. Hivyo jibu la swali la mwanzo ni kwamba amekunywa maji, lakini hayakumtosha. Chai yake haina kosa; kilichopungua ni kiasi.

Dalili za upungufu hazihitaji maabara. Mkojo kidogo wenye rangi nzito, kichwa kuuma, kizunguzungu na hasira isiyo na sababu ni baadhi yake. Magomvi mengine ya kwenye mizani huenda yasingekuwapo kama pangekuwa na pipa la maji. Wazee waangaliwe zaidi, kwa sababu kiu yao hupungua nguvu na huweza kutowaonya mapema.

Kunywa kupita kiasi nako kuna hatari, maana huzimua chumvi ya damu. Kwa kazi ya juani, wataalamu wa usalama kazini hushauri kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20, na mtu asizidi kama lita 1.4 kwa saa. Chumvi hurejeshwa na chakula cha kawaida. Mtu anayehara apewe dawa ya pakiti kutoka zahanati. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kisha apelekwe zahanati.

MAMBO YANAYOPENDEKEZWA KWA VYAMA

(a) Kila kituo cha ununuzi kiwe na pipa safi lenye mfuniko na bomba, lijazwe maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na mtu mmoja atajwe kwa jina kuwa mwangalizi wake.

(b) Chai isiyo na sukari nyingi, au uji, vipikwe kituoni asubuhi kwa wapagazi na makarani. Gharama yake iingizwe katika makisio ya msimu na kupitishwa na mkutano, isiachiwe mfuko wa katibu.

(c) Duka la chama linalouza soda lisifanywe kuwa chanzo pekee cha kinywaji. Faida ya duka isipatikane kwa sababu pipa la maji ni tupu.

(d) Pawe na kivuli na mahali pa kukaa. Katika mashamba ya Amerika ya Kati yaliyopanga maji, pumziko na kivuli kwa pamoja, madhara ya figo yalipungua.

(e) Wazee, wajawazito na mama wanyonyeshao wapimiwe mazao yao mapema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MIKUTANO YA VYAMA

Katika kampeni ya Mtu ni Afya iliyofanyika Tanzania mwaka 1973, vikundi vya wanakijiji vilisikiliza redio, vikajadili, kisha vikachimba vyoo. Mazungumzo yaliishia kwenye jembe. Maswali haya nayo yanakusudiwa kuishia kwenye pipa.

1. Msimu uliopita, mwanachama aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika foleni alisubiri saa ngapi, naye alipata kinywaji gani?

2. Maji ya kituo hutoka wapi, na ni nani huyachemsha?

3. Vyombo vitupu vya dawa za mimea viko wapi sasa?

4. Kuni, majani ya chai na unga wa uji kwa msimu mzima vitagharimu kiasi gani, na kiasi hicho ni sehemu gani ya ushuru wa chama kwa kila kilo?

Ndugu Wajumbe, chama hupima zao la mkulima kwa mizani iliyokaguliwa, kwa sababu kila gramu ni haki yake. Maji anayoyapoteza akilileta zao hilo nayo ni mali yake. Yakirudishwa kwa chai, kwa uji, kwa maziwa au kwa maji safi ya pipa, yote yatahesabiwa. La muhimu ni kwamba yarudishwe yote, na yarudishwe yakiwa salama.